Uanachama usubiri, upepo kwanza

Kijana wa Langoni, Lamu, ameniandikia hivi:

"Assalaam alaykum fundi. Kaka yangu aliniachia kompyuta alipohamia Mombasa, na ndani yake kuna mchezo wa kuwinda, theHunter Classic. Nimeucheza wiki tatu bila kulipa. Nimepiga kulungu wawili tu, na mmoja wao sikumpata. Kila nikifungua naambiwa nijiunge uanachama nipate leseni za wanyama wengine. Ule wa mwaka ukiugawa kwa miezi unatoka rahisi. Rafiki yangu asema asiyelipa hapati kitu. Je, nilipe wa mwaka? Na mbona wanyama wanikimbia hata nikiwa mbali?"

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Umeuliza mawili. Nitaanza na la pili, maana ukishalielewa hilo, nusu ya la kwanza utalijibu mwenyewe.

Wanyama wanakukimbia kwa sababu wanakunusa. Nasema hivyo bila kukuona ukicheza, kwa kuwa umeandika "hata nikiwa mbali". Mnyama aliyekusikia huwa umeshamkaribia. Aliyekuona huwa umejianika mahali peupe. Lakini anayekurupuka wewe ukiwa bado mbali, umeinama vizuri kichakani, huyo kaletewa habari zako na upepo.

Mimi nilijifunza hili kwa aibu. Wakati huo nilikuwa na saiba ndogo hapa Malindi, na siku moja wateja walikuwa haba, nikafungua mchezo kwenye mashine ya pembeni, ile yenye kadi ya michoro ya maana. Nilikuwa Whitehart Island, hifadhi ya kwanza ya mchezo huu, namfuata dume mmoja kwa nyayo zake. Nyuma yangu ameketi mjomba wangu, mvuvi. Alikuja kutoa kopi ya kitambulisho, na kopi zimetoka zamani, ila kiti kilimnogea. Akauliza, "Ile alama pale ya nini?" Nikamwambia ni ya upepo. Akaitazama, akamega kashata, akasema, "Basi wamwendea kutoka joshini. Huyo kashakunusa." Sikuwahi hata kumjibu. Dume akainua kichwa, masikio yakasimama, na kilichobaki kwenye kioo ni majani yanayotikisika. Mjomba hajashika bunduki maishani mwake, wala kipanya cha kompyuta.

Wewe ni mtu wa Lamu, kwa hiyo joshi na demani sina haja ya kukufundisha, ila wako wasomaji wa bara. Joshini ndiko upepo unakotoka, demani ndiko unakokwenda. Ukiwa joshini kwa mnyama, harufu yako inasafiri moja kwa moja hadi puani mwake. Ukiwa demani, yako inapotelea nyuma yako na yeye hana habari. Kwetu kusi likishika limeshika, miezi mizima, na kaskazi vilevile, hata mtoto anajua upepo wa leo utatoka wapi. Kwenye mchezo usizoee hivyo. Kila ukianza mawindo tazama alama ya upepo, na kila ukitaka kumsogelea mnyama itazame tena.

Kwa hiyo ukimwona kulungu, au ukisikia mlio wake, usianze kumwendea. Simama kwanza. Ukijikuta uko joshini, zunguka duara kubwa, hata ikiwa ni mita mia tatu za kutembea, umtokee upande wa demani. Ukimjia kwa ubavuni si vibaya pia, alimradi upepo unapita kati yenu na hautoki kwako kwenda kwake. Najua duara hilo linachosha. Linachosha kweli, na ndipo wengi wanapoamua kwamba tatizo ni pesa.

Baada ya harufu kuna sauti. Kijana akianza mchezo huu anakimbia, kwa sababu michezo mingine yote aliyocheza ilimfundisha kukimbia. Hapa kukimbia ni kupiga zumari. Kimbia tu ukiwa unavuka eneo ambalo hujasikia kitu wala kuona nyayo mbichi. Ukianza kuona dalili, tembea. Ukimwona mnyama mwenyewe, inama. Ukitaka kuingia masafa ya risasi ya uhakika, lala kifudifudi na utambae, tena pole pole. Mimi mtu mzima mwenye familia nimewahi kutambaa robo saa kwa ajili ya kulungu mmoja ambaye hata hakuwa na pembe za kujivunia, na chai ikapoa pembeni ikaota utando.

Huku bara ya Malindi wako Waata, ambao wazee wao walisifika kwa kuwinda ndovu kwa upinde na mishale ya sumu. Fikiria umbali anaotakiwa kufika mtu mwenye upinde kabla ndovu hajamsikia. Wewe una bunduki yenye darubini, nusu ya kazi umeshafanyiwa. Nusu nyingine ni kujua kutulia.

Nyayo zina elimu yake. Kile kifaa cha mkononi, HunterMate, ukikielekeza kwenye alama ya unyayo kinakwambia ni mnyama gani, ameelekea wapi, na alikuwa akiendaje: akitembea, akienda kwa mwendo wa haraka kidogo, au akikimbia kwa kutishwa. Wanaoanza husoma jina la mnyama tu wakaondoka mbio. Soma mwendo. Nyayo za anayetembea ni mali, mnyama huyo hana wasiwasi na utamkuta anakula. Nyayo za anayetoroka achana nazo, utamfuata nusu saa na ukimfikia atakuwa macho yamemtoka. Na usidharau kusoma hata nyayo usizozihitaji, kwa sababu ustadi wako wa kufuatilia mnyama wa aina hiyo unakua kadiri unavyosoma, na ukikua kifaa kinakupa habari zaidi.

Sasa yule uliyempiga ukamkosa. Nadhani naweza kueleza ilivyokuwa. Ulimpiga akiwa amekuelekea uso, au amekupa mgongo, au anatembea, kwa sababu ulishindwa kungoja. Risasi ikaingia, akaruka, ukamkimbilia upande ule ulikomwona mara ya mwisho, ukatafuta mpaka ukachoka. Nimekosea?

Mngoje ageuke akupe ubavu. Kisha usilenge kichwa, usilenge katikati ya tumbo. Fuata mguu wa mbele kwa jicho, upande nao hadi kwenye mwili, ulenge nyuma kidogo ya bega, kati ya mgongo na tumbo. Hapo ndipo mapafu yalipo, ni shabaha pana, na mnyama aliyepigwa mapafu yote mawili hafiki mbali. Shikilia pumzi kabla ya kufyatua. Ukishafyatua, tulia, tazama kwa darubini amekimbilia wapi, kisha tembea hadi mahali alipokuwa amesimama wakati wa risasi. Huko ndiko damu inakoanza. Ukiipata tone la kwanza, mengine yatakupeleka. Ukimpata, hakikisha umemchukua na kumthibitisha, kwani asiyethibitishwa hahesabiwi, na stima ikipotea kati ya risasi na mnyama ndio basi tena. Hilo la stima sina dawa yake.

Tuje kwenye pesa.

Mchezo huu ulianza 2009, unatoka Sweden, chini ya Avalanche Studios. Namna yake ya kuuza ndiyo inayowachanganya watu, maana milango ya kutolea pesa ni mingi. Upo uanachama, ambao unakufungulia leseni, yaani ruhusa ya kuwinda aina nyingine za wanyama kwa muda uliolipia. Halafu ziko sarafu mbili: gm$ unazozipata kwa kucheza, na em$ ambazo kwa kawaida unazinunua kwa pesa yako halali. Uanachama haukupi bunduki zote, wala mavazi, wala vifaa vyote vya kuita wanyama. Vingi vya hivyo vinanunuliwa kando. Rafiki yako akikwambia "lipa", muulize anamaanisha mlango upi.

Na yupo mnyama wako wa bure, yule kulungu wa Marekani anayeitwa mule deer, mwenye masikio makubwa kama ya baghala, ukipenda sema kama ya punda wa Mkomani. Watu wanamdharau kwa sababu ni wa bure. Mimi nasema ndiye mwalimu mzuri kuliko wote. Ananusa, anasikia, anaona, ana nyayo, ana mlio, dume lake lina pembe za kupimwa. Kila unachohitaji kujua kuhusu mchezo huu anacho. Anayeshindwa na huyu atashindwa na mnyama mkubwa wa kulipia vilevile, ila kwa gharama.

Jiwekee sharti hili: kulungu kumi, kila mmoja kwa risasi moja, na wote umewafikia ukawathibitisha. Ukikosa mmoja, anza kuhesabu upya. Inaweza kukuchukua wiki, inaweza kukuchukua mwezi. Ukifika kumi njoo tuzungumze uanachama, na hata hapo nitakwambia uanze na ule mfupi kabisa unaopatikana.

Kwa nini si wa mwaka, na kwa mwezi unatoka rahisi? Tufanye hesabu kwa nambari za mfano tu, bei halisi utaiona mwenyewe siku hiyo. Tuseme mwezi ni shilingi 700 na mwaka ni 5,000. Ukigawa, mwaka unatoka kama shilingi 417 kwa mwezi, na hapo macho yanang'aa. Lakini uanachama wa mwaka hauhesabu miezi unayocheza, unahesabu miezi inayopita. Kwa bei hizo, itakubidi ucheze miezi minane ndipo wa mwaka ukufae kuliko kulipa mwezi mmoja mmoja. Sasa itazame kalenda yako. Ramadhani hutacheza sana. Mfungo Sita ukiingia, Lamu nzima iko kwenye Maulidi na wageni wamejaa nyumba, utacheza saa ngapi? Msimu wa watalii ukiwa na kazi ya boti au ya hoteli, hutacheza. Bando likiisha hutacheza, maana mchezo huu unahitaji intaneti muda wote, si wa kufungua ukiwa umekatika. Nimejaribu hesabu hii na vijana wengi hapa Malindi na wachache sana walifika miezi minane. Wengi walicheza minne, wakalipia kumi na miwili.

Lipa mwezi mmoja, tena uuchague. Mwezi ule usio na harusi.

Namna ya kulipa, ikiwa huna kadi ya benki, ni M-PESA GlobalPay, ile kadi ya Visa isiyoshikika ambayo Safaricom iliileta mwaka 2022. Inakaa ndani ya simu na inachukua kutoka kwenye salio lako la M-PESA. Kumbuka bei imeandikwa kwa pesa za kigeni, kwa hiyo shilingi utakazokatwa zinategemea kiwango cha siku hiyo, na usishangae ukikuta VAT ya asilimia 16 imeongezwa juu. Weka kwenye M-PESA kiasi kinachotosha na kidogo cha ziada, usiache humo pesa ya kodi ya nyumba.

Hilo la mwisho nalisema kwa uchungu. Niliwahi kujiunga na mchezo mwingine, sitautaja, nikaucheza mwezi mmoja nikauacha. Kumbe niliacha kile kisanduku cha kujirudia chenyewe kimewekewa alama. Nilikatwa mara tatu kabla sijagundua, na niligundua kwa sababu mke wangu aliuliza hii pesa ya nini kila tarehe tisa. Nilipowaandikia walinijibu kwa adabu sana na hawakurudisha hata senti. Siku hizi nikijiunga popote, jambo la kwanza nafanya siku ileile ni kutafuta mahali pa kusitisha malipo ya kujirudia, nasitisha, napiga picha ya kioo, naiweka. Mara nyingi unaendelea kutumia hadi siku zako ulizolipia ziishe. Soma tu kabla ya kubonyeza, kila mchezo na kanuni zake.

Ukishakuwa mwanachama usiruke kutoka mnyama hadi mnyama kama mtoto aliyeingia duka la peremende. Chagua mmoja, kaa naye. Ustadi wa kufuatilia na wa kutambua unakua kwa kila aina peke yake, kwa hiyo anayewinda aina kumi kwa mwezi anabaki mgeni kwa zote kumi. Na kabla hujatoa em$ kwa bunduki yoyote, angalia risasi zake zinaruhusiwa kwa wanyama gani. Kila mnyama ana risasi zinazokubalika. Ukimpiga kwa isiyokubalika, umempoteza bure, hata kama ulilenga kama malaika. Nimemwona kijana amenunua bunduki kubwa ya kutisha kisha akaenda kuwinda sungura.

Kuna njia nyingine ambayo huenda rafiki yako hakukutajia. Watengenezaji haohao walitoa mwaka 2017 mchezo unaoitwa theHunter: Call of the Wild, ambao unanunuliwa mara moja, hauna uanachama wa kila mwezi. Hifadhi za ziada zinauzwa kando, lakini ulichonunua ni chako. Kwa mtu ambaye intaneti yake inakuja na kwenda, mimi ningeuangalia huo kabla ya kulipia mwaka wowote. Shida ni kwamba unataka kompyuta yenye nguvu zaidi. Ukiununua kupitia Steam, lile duka la michezo la mtandaoni, unaweza kuomba kurudishiwa pesa ndani ya siku 14, mradi hujaucheza zaidi ya saa mbili. Saa mbili zinatosha kabisa kujua kama mashine ya kaka itauweza au itaanza kunguruma kama jenereta.

Watakuja pia watu wa kukuuzia akaunti iliyokwisha kulipiwa, au programu ya "kuzalisha" em$. Zote mbili ni wizi, mmoja wa pesa na mwingine wa nywila. Nisiongeze neno hapo.

Umenikumbusha kitu kimoja. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kabla hujazaliwa wewe na labda kabla ya baba yako kuoa. Kwa hiyo kijana wa Lamu anayetaka kujua mwindaji huwaza nini akiwa demani ya mnyama, kioo cha kompyuta ndicho msitu wake halali. Sioni ubaya kukilipia kitu kama hicho. Ninachokataa ni kukilipia kabla hakijaanza kukupa raha.

Jambo la mwisho, nami nimelichelewesha kwa sababu nimelifikiria nikiwa tayari nakaribia kumaliza. Umesema kompyuta ni ya kaka na mchezo ulikuwa ndani yake. Je, unacheza kwa akaunti ya nani? Uanachama unafungwa kwenye akaunti, haufungwi kwenye mashine. Ukilipa leo na jina lililoandikwa pale juu ni la kaka, umemlipia kaka, na siku atakayobadilisha nywila huko Mombasa utabaki na risiti ya M-PESA. Kwa hiyo usiku wa leo, toka kwenye akaunti hiyo, fungua yako kwa barua pepe yako mwenyewe, uanze upya kabisa. Kulungu wako wawili watabaki kwa kaka, pamoja na yule ambaye hukumpata.